Bandu Bandu Huisha Gogo: Masizi katika Oili na Uchakavu wa Injini ya Dizeli



Lipo swali ambalo wamiliki wa magari ya dizeli, mashine za kusaga, jenereta na boti hulirudia mara kwa mara: "Oili niliyoweka juzi imekwisha kuwa nyeusi tititi. Je, nimeuziwa bandia?" Upo pia msemo unaotokana na hali iyo hiyo, lakini wenye maana ya kinyume: "Oili ya dizeli ni nyeusi siku zote, kwa hiyo hakuna haraka ya kuibadilisha."

Aliyeuliza swali huhangaika pengine bila sababu, na mwenye msemo hutulia bila sababu. Wote wawili wanatazama rangi, ilhali rangi peke yake haisemi kitu. Linalopasa kutazamwa ni kama oili bado ina uwezo wa kuubeba weusi huo bila kuuacha uidhuru injini. Katika makala haya tunaeleza weusi huo unatoka wapi, unaichakazaje injini, na mtumiaji wa kawaida afanye nini ili fedha yake isipotee dukani wala karakanani.

Masizi ni nini, na hutoka wapi?

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama ile ya petroli. Hewa huingizwa ndani ya silinda na kubanwa kwa nguvu hadi joto lake kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, na ukungu huo hushika moto wenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa.

Tendo lote hilo hutimia katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo dizeli haipati muda wa kuchanganyika sawasawa na hewa. Zipo sehemu ndani ya silinda ambako dizeli ni nyingi na oksijeni ni haba. Huko kaboni iliyomo katika dizeli haiungui ikaisha, bali hubaki kama chembe nyeusi. Chembe hizo ndizo masizi, ndugu wa yale yanayoganda chini ya sufuria inayopikiwa kwa kuni zisizokauka.

Chembe moja ya masizi ya dizeli, inapozaliwa, huwa na upana wa takriban nanomita 20 hadi 50. Unywele wa binadamu una unene unaokaribia nanomita 70,000. Maana yake ni kwamba chembe elfu moja zikipangwa kwa safu moja hazitazidi unene wa unywele mmoja. Tunaomba msomaji akumbuke kipimo hiki, kwa sababu udogo huo ndio unaoeleza mambo mengi yatakayofuata.

Sehemu kubwa ya masizi hutoka nje kwa bomba la moshi, lakini si yote. Mengine hunasa katika utando wa oili uliopakaa kuta za silinda, na ringi za pistoni zinaposhuka huukwangua utando huo na kuupeleka chini kwenye sampu. Mengine hupenya pamoja na gesi zinazovuja pembeni mwa ringi. Kwa njia hizo mbili, kila dakika injini inapofanya kazi, oili hupokea masizi mapya. Ndiyo sababu oili safi yaweza kuwa nyeusi baada ya safari chache tu, hasa ikikuta mabaki ya oili ya zamani ndani ya injini. Weusi huo wa mapema si dalili ya bandia, bali ni ushahidi kwamba oili imeanza kazi yake.

Oili ni hamali

Watu wengi hufahamu kwamba oili hupunguza msuguano wa vyuma na kupoza injini. Wachache hufahamu kwamba oili ya dizeli ina kazi ya tatu, nayo ni kubeba uchafu. Oili ni hamali wa injini: huyachukua masizi yalikozaliwa na kuyabeba hadi siku ya kumwagwa.

Ili aweze kazi hiyo, watengenezaji huongeza ndani ya oili viambato mbalimbali. Vipo vya kusafisha, vipo vya kupunguza nguvu ya asidi, vipo vya kukinga vyuma dhidi ya kulika, na vipo vya kutawanya masizi. Hivi vya mwisho huizunguka kila chembe na kuizuia isishikamane na mwenzake. Kadiri chembe zinavyobaki zimetengana, huelea ndani ya oili na kupita kati ya vyuma bila madhara makubwa. Oili ya namna hiyo yaweza kuwa nyeusi kama wino na bado ikawa nzuri.

Lakini hamali, hata awe na nguvu kiasi gani, ana kikomo cha mzigo. Viambato vya kutawanya vina kiasi maalumu, na kila chembe mpya hutumia sehemu yake. Siku viambato hivyo vinapoelemewa, masizi huanza kushikana: mawili huwa kitu kimoja, kumi huwa kishada, na vishada huwa matonge. Kuanzia hapo weusi hugeuka madhara.

Masizi yanavyoila injini

Madhara hayo huja kwa njia nne, na aghalabu huja kwa pamoja.

Kwanza, masizi hukwaruza. Mahali ambapo vyuma hubanana kwa nguvu, kama vile kamshafti na tapeti, au ringi na ukuta wa silinda, utando wa oili unaovitenganisha unaweza kuwa na unene usiofika hata mikromita moja, yaani chini ya nanomita 1,000. Chembe moja moja ya masizi hupita hapo kwa urahisi. Tonge la masizi lenye unene sawa na utando huo halipiti kwa amani, bali huburuzwa katikati ya vyuma viwili kama unga wa msasa.

Pili, masizi huondoa kinga. Miongoni mwa viambato vya oili vimo vile ambavyo, kwa joto na mbano, hujenga juu ya chuma ngozi nyembamba ya kukilinda. Masizi huikwangua ngozi hiyo kabla haijakomaa. Injini hujenga nyingine, nayo hukwanguliwa. Kila duru chuma hupoteza kitu kidogo, na hapo ndipo methali ya wahenga inapotimia: bandu bandu huisha gogo. Nundu za kamshafti hupungua kimo, valvu hazifunguki tena kwa kiwango chake, na katika injini zinazotumia cheni ya kuzungushia kamshafti, viungo vya cheni hulika na cheni nzima hurefuka.

Tatu, masizi huifanya oili iwe nzito. Oili iliyojaa masizi yaliyoshikana huongezeka mnato na kutiririka kwa uzito kama uji uliopoa. Asubuhi injini inapowashwa ikiwa baridi, oili huchelewa kufika kwenye kamshafti iliyo juu na kwenye shafti ya turbo inayozunguka kwa kasi kubwa. Katika sekunde hizo vyuma husagana vikiwa vikavu au karibu na kukauka. Mwenye gari husikia mlio wa kugonga unaonyamaza baada ya muda mfupi, naye hufarijika kwamba umekwisha, kumbe umeacha alama.

Nne, masizi huziba njia. Matonge yakikua hutulia kama tope chini ya sampu na juu ya kichwa cha injini, na hatimaye huziba chujio. Injini nyingi zina valvu ya dharura ambayo hufunguka chujio likiziba, ili vyuma visikose oili kabisa. Tangu hapo injini hulainishwa kwa oili isiyochujwa, na mwenye gari hapati taarifa yoyote.

Jambo baya zaidi ni kwamba madhara haya hujizalisha. Ringi zikilika, gesi nyingi zaidi huvuja na kuingia kwenye sampu, zikileta masizi mengi zaidi, nayo masizi hayo huzidi kuzila ringi. Mwanzo wa safari hiyo ni wa polepole, na mwisho wake ni wa haraka.

Robo kilo ya masizi

Maabara za kupima oili hueleza kiasi cha masizi kwa asilimia ya uzito. Nyingi huanza kutoa tahadhari kiasi hicho kinapofika asilimia 2 hadi 3, ingawa kikomo halisi hutegemea aina ya injini na ubora wa oili. Asilimia 3 husikika kama kitu kidogo. Hebu tuipime.

Chukua injini inayobeba lita 10 za oili. Lita hizo zina uzito wa takriban kilo 8.8. Asilimia 3 ya uzito huo ni gramu 264. Hiyo ni zaidi ya robo kilo ya masizi, yakizunguka usiku na mchana baina ya vyuma ambavyo nafasi kati yake hupimwa kwa mikromita.

Hesabu hiyo hiyo inajibu swali jingine: je, kuongezea oili mpya kunatosha badala ya kubadilisha? Tuseme lita 2 kati ya hizo 10 zimevuja, nawe ukajaza lita 2 mpya. Masizi yatashuka kutoka asilimia 3 hadi asilimia 2.4 tu.  Kuongezea hurudisha kipimo cha oili kwenye stiki, lakini hakuondoi mzigo. Oili ya kuongezea ni ya kukufikisha kwenye siku ya kubadilisha, si ya kuisogeza siku hiyo mbele.

Vivyo hivyo kuhusu chujio. Wapo wanaobadilisha chujio na kuiacha oili ya zamani, wakiamini kwamba chujio jipya litaisafisha. Machujio ya kawaida ya injini hukamata chembe zenye ukubwa wa makumi ya mikromita. Masizi yaliyotawanyika ni madogo mara mamia kuliko hizo, nayo hupita kama maji yapitavyo kwenye tundu la wavu. Masizi hutoka kwenye injini pale tu oili inapomwagwa.

Rangi, kidole na tone

Fundi anaweza kuchomoa stiki, akaitazama oili na kusema imekufa kwa kuwa ni nyeusi. Mwingine huifikicha kati ya vidole viwili na kusema bado ina utelezi. Hatudharau uzoefu wa mafundi wetu, lakini ni wajibu wetu kusema wazi kwamba vipimo hivi viwili havitoshi. Jicho haliwezi kutofautisha oili yenye asilimia 1 ya masizi na yenye asilimia 4, kwani zote ni nyeusi. Nacho kidole hakihisi tonge lenye upana wa mikromita moja, licha ya kwamba tonge hilo linaihisi kamshafti.

Kipo kipimo rahisi kinachosema zaidi, nacho ni kipimo cha tone. Injini ikiwa imetoka kazini na oili ingali na joto, chovya stiki na udondoshe tone moja juu ya karatasi nyeupe inayonyonya, kama ile ya kuchujia kahawa. Iweke karatasi mahali tulivu ili sehemu yenye tone isigusane na kitu, na uiache kwa saa kadhaa. Kisha tazama namna weusi ulivyosambaa. Ukiona weusi umeenea kutoka katikati hadi pembeni na kufifia taratibu, viambato vya kutawanya bado vinafanya kazi. Ukiona doa zito limeganda katikati, lina ukingo mkali, na nje yake kuna duara la oili iliyo karibu kuwa safi, basi masizi yameshikana na kukataa kusafiri. Oili hiyo imechoka.

Kipimo hiki ni dokezo, si hukumu. Kwa mwenye malori kadhaa, trekta la kukodisha au jenereta ya hospitali, ni busara kupeleka sampuli maabara, ambako masizi hupimwa kwa mwanga wa infraredi na vyuma vilivyolika huhesabiwa. Gharama ya kupima ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kufungua injini.

Mambo yanayoongeza masizi

Injini mbili za aina moja, zenye oili moja na zilizotembea kilomita sawa, zinaweza kuwa na masizi tofauti kabisa. Sababu zake nyingi zimo mikononi mwa mwenye injini.

Ya kwanza ni chujio la hewa lililoziba. Barabara zetu za vumbi hulijaza mapema kuliko ratiba inavyodhani. Hewa ikipungua, dizeli haiungui vizuri na moshi mweusi huongezeka.

Ya pili ni nozeli zilizochakaa. Nozeli inayodondosha matone badala ya kunyunyiza ukungu huzaa masizi mengi, na dizeli isiyoungua huteremka na kuchanganyika na oili.

Ya tatu ni kuongeza dizeli kwenye pampu ili gari lipate nguvu ya kupanda mlima na mzigo. Nguvu hupatikana, lakini dizeli inayozidi hewa iliyopo hugeuka masizi. Ukiona gari linapanda mlima huku likiacha wingu jeusi nyuma yake, ujue kwamba sehemu ya wingu hilo inaingia katika oili.

Ya nne ni kuondoa thamostati. Baadhi ya mafundi huiondoa kwa nia njema, wakidhani wanaizuia injini isichemke. Matokeo yake ni injini inayofanya kazi ikiwa na ubaridi usiostahili, inayounguza dizeli vibaya na kujenga tope. Injini inayochemka ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo ndio wa kutibiwa.

Ya tano ni kunguruma muda mrefu bila kazi, au kufanya kazi nyepesi mno. Basi linalosubiri abiria kituoni kwa nusu saa huku injini ikiwaka halisogezi kilomita hata moja, lakini oili inaendelea kupokea masizi. Jenereta kubwa inayowasha taa chache iko katika hali hiyo hiyo. Ndiyo maana mitambo isiyotembea huhesabiwa kwa saa, na jenereta nyingi hutakiwa kubadilishwa oili takriban kila saa 250. Fuata kitabu cha mtambo wako.

Ya sita haitokani na kosa la mtu. Injini nyingi za miaka ya karibuni, zikiwamo zilizomo katika magari yaliyotumika tunayoagiza kutoka nje, zina mfumo wa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda. Mfumo huu hupunguza gesi za oksidi za naitrojeni zinazochafua hewa, lakini huongeza masizi yanayoingia katika oili. Hatushauri mfumo huo uzibwe. Tunashauri upewe oili iliyoundwa kwa ajili yake.

Wapo pia wanaodhani kwamba tatizo hili lilikwisha tangu Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kutumia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Mabadiliko hayo yamepunguza asidi na uchafuzi wa hewa, na ni ya kushukuriwa. Lakini masizi hutokana na kaboni, na kaboni ndiyo dizeli yenyewe.

Kulisoma kopo kabla ya kulipa

Juu ya kopo la oili kuna maandishi mawili ambayo wanunuzi wengi huyachanganya.

La kwanza huanza na herufi SAE, kwa mfano SAE 15W-40 au SAE 40. Hilo ni kipimo cha mnato tu, yaani wepesi au uzito wa oili ikiwa baridi na ikiwa na joto. Halisemi lolote kuhusu uwezo wa kubeba masizi. Makopo mawili yaliyoandikwa 40 yanaweza kutofautiana kama hamali kijana na hamali mzee.

La pili huanza na herufi API, ambazo ni za Taasisi ya Petroli ya Marekani. Kwa injini nyingi za dizeli, daraja huanza kwa herufi C, na herufi inayofuata ikisogea mbele katika alfabeti, daraja ni jipya zaidi. Daraja CD na CF zimekwisha kutangazwa kuwa zimepitwa na wakati. CH-4 ilianza kutumika mwaka 1998. CI-4 ilikuja mwaka 2002, ikikusudiwa hasa injini zinazorudisha moshi ndani ya silinda na hivyo kupokea masizi mengi. CJ-4 ilifuata mwaka 2006 na CK-4 mwaka 2016. Katika majaribio ya madaraja haya, injini halisi huendeshwa hadi oili ijae masizi, kisha vyuma hupimwa kuona vimelika kiasi gani.

Kwa hiyo usiulize dukani "nipe oili ya dizeli" ukaishia hapo. Taja SAE na API kama zilivyo katika kitabu cha gari lako. Daraja la juu kuliko lililotajwa kwa kawaida halidhuru, ilhali la chini hudhuru. Na kama gari lako lina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, hakikisha kopo linasema wazi kwamba oili hiyo inafaa kwa mfumo huo.

Oili iliyochujwa kwa kitambaa

Wapo wafanyabiashara wasio waaminifu wanaokusanya oili iliyotumika, wakaiacha itulie, wakaichuja kwa kitambaa na kuijaza katika makopo ya zamani. Msomaji aliyetufuata tangu mwanzo anaweza kujieleza mwenyewe kwa nini huo ni wizi. Kama chujio la injini haliwezi kukamata masizi, kitambaa hakiwezi. Hata kama uchafu mzito umetuama, viambato vimekwisha kutumika. Mnunuzi amelipia hamali ambaye tayari amebeba mzigo wa mtu mwingine.

Oili iliyotumika inaweza kusafishwa upya na kuwa nzuri, lakini kazi hiyo hufanywa viwandani kwa mitambo maalumu, kisha viambato vipya huongezwa. Haifanyiki uani.

Nani huamua, nani hulipa

Tumalize maelezo kwa jambo ambalo si la kiufundi. Katika magari mengi ya biashara, dereva hupeleka hesabu ya siku kwa mwenye gari. Siku ya kubadilisha oili ni siku ya saa kadhaa bila abiria na ya fedha kutoka mfukoni. Dereva hutamani kuisogeza mbele ili hesabu itimie, na mwenye gari naye huikubali hesabu iliyotimia bila kuuliza. Kilomita 5,000 zinakuwa 8,000, kisha 10,000, na gari linaendelea kutembea, kwa sababu masizi hayasimamishi gari siku hiyo.

Siku injini inapofunguliwa, dereva hupoteza kibarua kwa majuma kadhaa, mwenye gari hupoteza mtaji, na kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, marejesho hayangoji. Kila mmoja alidhani ameokoa kitu. Tunashauri gharama ya oili itolewe kando ya hesabu, kidogo kidogo kila siku, na tarehe ya kubadilisha iandikwe mahali ambapo dereva na mwenye gari wote wanaiona. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mambo ya kuzingatia

1. Badilisha oili na chujio kwa pamoja, kwa kilomita au saa zilizotajwa katika kitabu. Vumbi, mizigo mizito, foleni na safari fupi huhesabiwa kuwa mazingira magumu, na katika hali hizo muda hupunguzwa.

2. Mwaga oili injini ikiwa na joto, ili masizi yatoke yakiwa bado yanaelea. Oili baridi huacha tope nyuma.

3. Nunua oili yenye SAE na API zilizoandikwa wazi, alama ya ubora ya shirika la viwango la nchi, jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Kagua lakiri ya kifuniko kabla ya kulipa.

4. Dai risiti, na utunze kopo mpaka mabadiliko yanayofuata. Ukihisi umeuziwa bandia, usiimwage oili yote. Hifadhi kiasi katika chupa safi pamoja na kopo na risiti, mrudie muuzaji, na asipokusikiliza wasilisha malalamiko katika ofisi yetu iliyo karibu nawe. Lalamiko lenye ushahidi hushughulikiwa kwa urahisi.

5. Kopo likiisha kutunzwa, litoboe kabla ya kulitupa, lisije likajazwa na kumrudia mnunuzi mwingine.

6. Kagua chujio la hewa kila mara, na uwape mafundi wenye vifaa kazi ya kupima nozeli na pampu. Moshi mweusi usiokoma ni ombi la msaada.

7. Usimwage oili iliyotumika mtaroni, ardhini au baharini. Ikusanye katika chombo chenye kifuniko na uikabidhi kwa wakusanyaji wenye kibali. Vaa glavu unapoishika, kwani hudhuru ngozi.

Hitimisho

Utakapochomoa stiki safari ijayo na kuikuta oili ni nyeusi, usishtuke wala usijifariji. Jiulize maswali matatu: Oili hii ni ya daraja lipi? Imebeba mzigo kwa kilomita au saa ngapi? Na injini yangu inaitwisha mzigo mkubwa kuliko inavyostahili? Mwenye majibu ya maswali hayo haamuliwi na rangi, hatishwi na muuzaji, wala hadanganywi na ukimya wa injini ambayo bado inatembea.